Ndiyo, alikitoa, mwaka 1912

Ndugu uliyeuliza kama Charles Young, yule ofisa mweusi wa jeshi la Marekani, aliwahi kuchapisha kitabu chake: ndiyo. Kinaitwa Military Morale of Nations and Races, kilitoka 1912 kwa Franklin Hudson, wachapishaji wa Kansas City. Si maisha yake wala hadithi za vitani, ni utafiti: kwa nini watu wa taifa fulani hupigana vizuri na wengine hulegea? Hoja yake ni kwamba ushujaa hauko kwenye damu, unatokana na mazingira na namna jamii inavyowatendea watu wake. Sasa fikiria hoja hiyo inatoka kwa mtu aliyezaliwa utumwani Kentucky, 1864, na kuhitimu West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, 1889 akiwa mweusi wa tatu tu! Wakubwa wengi jeshini waliamini kinyume kabisa.

Na kitabu hakikumwokoa. Mwaka 1917 walimstaafisha kwa sababu ya afya, naye 1918 akapanda farasi kutoka Ohio hadi Washington, karibu kilomita 800, kuonyesha yu mzima. Ujenerali alipewa 2022, miaka mia moja baada ya kufariki Lagos.