Bia imegoma kwenye 1.028: hamira imechoka au kipimo kinapotosha?

SWALI: Niko Minnesota, Marekani. Nimepika bia lita 19 kwa kilo 3 za dondoo la kimea, ile sharubati nzito, pamoja na gramu 450 za kimea cha kristali. Kimea hicho nilikiweka kwenye mfuko ndani ya sufuria kubwa ya maji mpaka yakachemka. Kabla ya kutia hamira, rifraktomita ilisoma Briksi 12.9 (kipimo cha sukari), sawa na uzito wa 1.052 ukilinganisha na maji, ambayo ni 1.000. Sasa ni wiki ya pili, imeganda kwenye Briksi 7, yaani 1.028, na mapovu yamekwisha. Nikionja, bia ina ukakasi. Niongeze hamira, au nitie kwenye chupa tu?

JIBU: Yote mawili yasubiri. Kwanza tafuta haidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha uzito wake.

Rifraktomita hupima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya kimiminika, nayo imetengenezwa kwa ajili ya maji na sukari peke yake. Ndiyo maana 1.052 yako naiamini. Kilo 3 za dondoo na nafaka hiyo katika lita 19 hufika hapo kabisa. Lakini bia ikianza kuchacha, alkoholi huingia, na alkoholi hupinda mwanga kuliko maji. Kifaa huihesabu kama sukari. Ukiziingiza namba zako mbili kwenye fomula ya masahihisho, Briksi 7 inakuwa takriban 1.014. Kwa bia ya dondoo iliyoanzia 1.052, hamira nyingi hukomea karibu na hapo. Kwa maoni yangu, bia yako haijakwama.

Hata hivyo usifungashe kwa kutegemea hesabu yangu. Chota bia kidogo, imimine huku na huku kati ya glasi mbili mpaka gesi itoke, kwa sababu vipovu vikishika kwenye haidromita huinyanyua na kukupa namba kubwa kuliko ilivyo. Joto liwe lile lililoandikwa kwenye chombo. Soma, kisha rudia baada ya siku tatu. Sampuli usiirudishe kwenye ndoo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya usalama wako. Kila pointi 2 (yaani 0.002 kwenye haidromita) za sukari inayochachia ndani ya chupa huzalisha takriban ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia, na bia ya kawaida huwa na ujazo 2.5 hivi. Zikibaki pointi 10 za kuchacha, chupa hulipuka, na vioo vyake hujeruhi watu.

Haidromita nayo ikisoma 1.020 au zaidi, basi tatizo lipo. Majira ya baridi kwenu, ndoo iliyokaa juu ya sakafu ya chini ya nyumba hupoa na hamira hulala. Ipeleke penye 20 au 21°C, izungushe taratibu bila kufungua kifuniko, uipe siku chache. Kumwaga hamira kavu juu ya bia yenye alkoholi husaidia mara chache sana. Ukilazimika, iamshe kwanza kwenye maji yaliyoyeyushiwa dondoo la kimea, uitie ikiwa inachacha kwa nguvu.

Ukakasi ni suala jingine, na chanzo umekitaja mwenyewe. Maganda ya nafaka yana tanini, vitu vinavyoleta ukakasi, nazo hutoka kwa wingi maji yanapopita 77°C, hasa nafaka kidogo ikiwa kwenye maji mengi, kwa kuwa asidi ya nafaka haitoshi kuyatia uchachu maji hayo. Ni kama chai iliyochemshwa na majani yake mpaka ikawa kali. Tena hapakuwa na haja ya moto huo: kimea cha kristali si kama kile cha ulezi cha mbege, ambacho vimeng'enya vyake bado vina kazi ya kuvunja wanga. Wanga wa kristali umekwisha kugeuka sukari ndani ya punje kiwandani. Maji yanausuuza tu. Safari ijayo tumia lita 2 au 3 za maji ya 65 hadi 70°C kwa dakika 30, toa mfuko, ndipo uchemshe. Sharubati itie sufuria ikiwa imeondolewa motoni, isiungulie chini.

Kwa bia hii, baadhi ya tanini zitatuama ikikaa kwenye baridi wiki kadhaa. Hazitaisha zote.

Vipimo viwili vya haidromita vikilingana, yeyusha gramu 115 za sukari nyeupe kwenye maji yaliyochemka, changanya na lita zote 19, ufungashe.