Mbona Simu Yangu Haisasishwi?

SWALI: Mhariri, salamu. Mwaka jana nilinunua simu ya Android hapa Tanga kwa fedha nilizodunduliza kwa muda mrefu, na muuzaji alinihakikishia kwamba itapata toleo jipya la mfumo. Binamu yangu wa Mombasa ana simu ya jina hilo hilo na yake imekwisha kusasishwa, ilhali yangu kila nikiiuliza hujibu kwamba hakuna sasisho. Nasikia Android imejengwa juu ya Linux, ambayo hurekebishwa kila mara. Marekebisho hayo huishia wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, una haki ya kulalamika. Ni kweli kwamba kiini cha Android, yaani sehemu ya ndani kabisa inayounganisha programu na vifaa vya simu, ni Linux, na watunzaji wa kiini hicho hutoa marekebisho karibu kila wiki. Hata hivyo, simu yako haiyapokei moja kwa moja kutoka kwao. Google huchukua toleo la Linux linalotunzwa kwa muda mrefu na kuongeza ya kwake. Kampuni inayotengeneza chipu, yaani ubongo wa simu, kama vile Qualcomm au MediaTek, huliunganisha na programu za kuendeshea kamera na redio ya mtandao, ambazo nyingi msimbo wake hautolewi hadharani. Kisha mtengenezaji wa simu huweka sura na programu zake, huijaribu kila modeli peke yake, ndipo hukutumia. Mmoja wao akiacha kazi, wanaomfuata hukwama, na mara nyingi anayeanza kuacha ni wa chipu, kwa sababu chipu aliyokwisha kuiuza haimwingizii tena fedha.

Kuhusu binamu yako, masasisho hutolewa kwa mafungu na kwa masoko, hivyo nchi moja huweza kuitangulia nyingine kwa wiki kadhaa. Tena, simu mbili zenye jina moja kwenye boksi huweza kuwa na chipu tofauti ndani. Linganisheni namba za modeli, si majina.

Google yenyewe iliutambua udhaifu huu zamani. Mwaka 2015 yalipogunduliwa mapengo ya usalama yaliyoitwa Stagefright, ambayo yaliwezesha simu kushambuliwa kwa kutumiwa ujumbe wa video tu, ilianza kutoa taarifa ya usalama kila mwezi. Android 8 ya mwaka 2017 ikatenganisha mfumo na programu za chipu ili mtengenezaji asiisubiri kampuni ya chipu kwa kila jambo, na tangu Android 10 ya mwaka 2019 baadhi ya sehemu za mfumo husasishwa kupitia Google Play. Huo ni msaada wa kweli, lakini marekebisho ya kiini chenyewe kwa simu nyingi bado hupitia kwa mtengenezaji.

Fungua Mipangilio, kisha sehemu inayohusu simu, utazame tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe inayoishia na siku ya 1 ya mwezi ina maana kwamba mapengo ya mfumo wa Android yaliyotangazwa hadi mwezi huo yamezibwa. Inayoishia na siku ya 5 huongeza yale ya kiini na ya chipu. Tarehe hiyo ndiyo ya kukuhangaisha kuliko namba ya toleo, kwa kuwa simu yenye Android ya zamani kidogo iliyozibwa mapengo ni salama kuliko yenye toleo jipya lililotelekezwa.

Kwangu mimi si haki simu kuuzwa bila mnunuzi kuelezwa masasisho yake yatakoma lini, hasa simu inayobeba fedha zake. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025 kanuni inawataka watengenezaji waendelee kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidi miaka 7, ingawa zote mbili ni simu za bei ya juu. Ukinunua nyingine, itafute ahadi hiyo katika tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutoa fedha, wala usitosheke na neno la muuzaji.

SWALI: Fundi ananiambia anaweza kuiflashi simu yangu aiwekee Android mpya kutoka kwenye kompyuta yake. Nikubali?
Msomaji huyo huyo

JIBU: Usikubali kabla hujajua anaweka nini. Ipo mifumo inayotunzwa na watu wa kujitolea, mashuhuri zaidi ikiwa LineageOS, ambayo imezirefushia maisha simu nyingi zilizoachwa na watengenezaji wake. Lakini kuiweka hudai kwanza kufungua kufuli la kiwandani linalozuia mfumo mwingine kuwekwa, hatua inayofuta kila kilichomo ndani ya simu, na baada ya hapo baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi. Isitoshe, mfumo uliotengenezwa kwa modeli nyingine huweza kuiua simu kabisa. Tovuti ya LineageOS ina orodha ya simu inazozihudumia. Kama modeli yako haimo, mwambie fundi aiache.