Kabla hujafungua sanduku la kwanza la Warner Bros.

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa sinema za zamani huniuliza kwa nini kila mtu hukimbilia nyaraka za Warner Bros., wakati Hollywood ilikuwa na studio kubwa kadhaa. Jibu limechapwa kwenye karatasi zao wenyewe. Chini ya fomu zao za memo palikuwa na onyo: maagizo ya mdomo huleta kutoelewana na ucheleweshaji, tafadhali yaandike. Watu wakatii. Mtayarishaji akimkasirikia mwongozaji, aliandika. Katibu muhtasi akapiga chapa na nakala za kaboni, moja ikaingia jaladani. Sisi leo tunausoma ugomvi huo kama tuliokuwa tumekaa nao baraza moja.

Sehemu kubwa ya karatasi hizo ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, mwaka 1977. Usidhani mambo yanaishia hapo. Filamu zao zilizotengenezwa kabla ya 1950 ziliuzwa mwaka 1956 kwa Associated Artists Productions, kampuni ambayo baadaye ilimezwa na United Artists, nao United Artists mwaka 1969 wakautoa mzigo mkubwa kwa kituo cha utafiti wa filamu kilichoko Madison, Wisconsin. Ndiyo maana miswada mingi ya filamu za Warner iko huko, mbali kabisa na Hollywood. Majalada ya wakaguzi wa maadili ya sinema yako kwingine tena, Maktaba ya Margaret Herrick, Beverly Hills. Filamu moja, nyumba tatu. Mimi nilikata tiketi kwanza, nikauliza baadaye. Ninyi mwandikieni mtunza nyaraka mapema, na orodha ya masanduku muisome mkiwa bado nyumbani.

Kosa langu la pili lilinitia aibu zaidi. Katika insha yangu ya kwanza niliandika kwamba Ronald Reagan, mwigizaji wa studio hiyo, alikaribia kuwa nyota wa filamu ya *Casablanca*. Ushahidi nilikuwa nao: habari ya gazetini ya Januari 1942. Mwalimu wangu akauliza swali moja tu: gazeti liliipata kwa nani? Ilitoka idara ya matangazo ya studio, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha majina ya waigizaji wenye mkataba hayakauki magazetini. Ukisoma memo za mtayarishaji Hal Wallis unakuta mtu mwingine kabisa, Humphrey Bogart. Na Jack Warner, bosi wa studio, alipomuulizia mwigizaji George Raft mwezi Aprili, Wallis alikataa. Taarifa ile iliandikwa ili mji mzima uisome, memo ikaandikwa kwa bosi mmoja. Tangu siku hiyo, kabla sijanakili chochote, naangalia kwanza kimetumwa kwa nani.

Lakini kama ningeambiwa nifungue jalada moja tu, ningeacha barua za mabosi na kuomba ripoti za kila siku za upigaji picha. Wageni huziruka kwa sababu zinachosha: saa ya kuitwa, saa ya shoti ya kwanza, chakula cha mchana, futi za filamu zilizotumika, nani alichelewa na kwa nini. Zisome zote, mfululizo. *Casablanca* ilianza kupigwa tarehe 25 Mei 1942, ikapangiwa siku 48, ikamalizika tarehe 3 Agosti ikiwa imepitiliza kwa siku 11. Meneja wa kazi, Al Alleborn, aliandika hata muda uliopotea kwa mabishano kati ya mwongozaji Michael Curtiz na Bogart. Kisha ziweke ripoti hizo kando ya kurasa za mswada zilizorekebishwa, ambazo zina tarehe. Simulizi maarufu kwamba mswada uliandikwa huku kamera zikizunguka haitakuwa uvumi tena: utaona ukurasa upi ulifika siku ipi.

Hesabu za gharama nazo zina mtego. Studio iliibebesha kila filamu fungu la gharama zake za jumla, kama mwenye ukumbi anayekutoza harusi yako pamoja na umeme wa mwaka mzima. Ukilinganisha filamu mbili, hakikisha fungu hilo limo kote kuwili au halimo kabisa.

Mengine ni madogo. Penseli, si kalamu. Sweta, maana vyumba vya kusomea ni baridi hata jua la California likiwaka. Karatasi za kaboni ni nyepesi kama ganda la kitunguu, basi mikono polepole.

Na unapopiga picha kwa simu, anza na lebo ya sanduku, kisha lebo ya jalada, ndipo ukurasa. Nina picha zaidi ya 60 za memo nzuri mno, zenye saini na tarehe zinazosomeka vizuri, ambazo sijawahi kuzitumia popote kwa sababu sijui zilitoka sanduku gani.