Tukijenga ghorofa, wapangaji wetu watakwenda wapi?

SWALI: Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya Kiswahili huko Magomeni, Dar es Salaam, yenye vyumba sita na ua nyuma. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, wanunuzi hawatupi nafasi ya kupumua, na sasa mwekezaji mmoja anataka kuunganisha kiwanja chetu na viwili vya jirani ajenge ghorofa. Tungependa wapangaji wetu, ambao baadhi yao wamekaa humu zaidi ya miaka 20, warudi. Je, inawezekana?

JIBU: Inawezekana, ndugu msomaji, iwapo mtayaandika yote kabla ya kubomoa. Jirani zenu wa Magomeni Kota, kaya 644 ambazo nyumba zao za zamani zilibomolewa ili kujengwa ghorofa, walikaa nje ya makazi yao kwa miaka mingi hadi majengo mapya yalipozinduliwa mwaka 2022. Kwa hiyo mkataba utaje kila mpangaji atarudi chumba gani, kwa kodi gani, kwa muda gani, na nani atamlipia pango wakati wa ujenzi.

Hata hivyo, ninachokihofia zaidi ni gharama za kila mwezi. Mama anayeuza maandazi anaweza kuimudu kodi, lakini akashindwa na mchango wa lifti, pampu na mlinzi, akahama kimyakimya bila mtu kumfukuza. Ningewashauri msivuke ghorofa tatu zinazopandwa kwa ngazi, na fremu za maduka za upande wa barabarani zibaki mali ya wamiliki wote kwa pamoja ili kodi yake igharimie matengenezo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo (Unit Titles Act) inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, hivyo jambo hilo lina msingi.

Wenye kipato kidogo wasitengewe mlango wa nyuma. Wote wapande ngazi moja, tofauti iwe ukubwa wa nyumba tu. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na madirisha yatazamane ili upepo upite, kwa sababu kiyoyozi nacho ni gharama. Zaidi ya yote, uteteeni ua. Ndipo watu wanapofua, wanapopika kwa mkaa na kuangaliana watoto, na ukiondolewa, majiko yatahamia kwenye korido na moshi utaingia vyumbani. Mwekezaji akileta mchoro usio na ua, msitie saini.