Kabla hujainunua hiyo picha ya Aliwal

Ndugu, umeuliza utajuaje kama picha ya wapanda farasi wa Kiingereza wakiwavamia Masingasinga kule Aliwal, Punjab, India, ni chapa ya karne ya 19 au nakala ya juzi tu. Fremu isikudanganye, fremu hubadilishwa. Chukua kioo cha kukuzia uangalie rangi. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga sawasawa kama picha ya gazeti, hiyo ni kazi ya mashine ya kisasa. Chapa za Ackermann, mchapishaji wa London, zilizopakwa rangi kwa mkono huonyesha brashi ilivyoteleza nje ya mstari hapa na pale. Kisha papasa pembeni: bamba, yaani kipande cha metali kilichochongwa cha kuchapia, huacha mbonyeo kwenye karatasi. Pambizo zikikatwa, mbonyeo huo hupotea, na hapo una haki ya kudai bei ishuke. Maandishi ya chini nayo usiyapuuze. Mchoro ukiwa wa Henry Martens na bamba la J. Harris, jina la mchoraji kwa kawaida huwa kushoto na la mchongaji kulia.

Ila usiichukue kama ushahidi wa vita. Aliwal, tarehe 28 Januari 1846, Waingereza walishinda wazi, ndiyo maana walipenda picha yake. Lakini katika vita vya Chillianwala, Januari 1849, mizinga ya Masingasinga iliwaumiza vibaya mno; ushindi wa wazi kama wa Aliwal hawakuupata huko.

Ukishainunua, usiitundike panapopiga jua. Rangi za maji hupauka.