Mwonyeshe mchezaji atakapoishia: ushauri kwa anayeanza kuita dansi za kontra

Mtu akiniuliza ni jambo gani moja alijue kabla ya kushika maikrofoni na kuanza kuita dansi za kontra, yaani kuwatangazia wachezaji mwendo unaofuata, humjibu kwamba mchezaji mgeni hahitaji sana kuelezwa namna ya kufanya kila mwendo. Anachohitaji ni kujua mwendo huo utamwacha wapi, na hapo atakuwa ametazamana na nani. Nimeita dansi hizi katika kumbi za New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na vurugu nyingi ninazoziona sakafuni hutokea mwishoni mwa mwendo, pale mtu anapofika mahali pasipo pake.

Kwa asiyezifahamu, wachezaji hujipanga katika safu mbili ndefu zinazoanzia jukwaani, wawili wawili, na kila jozi hutazamana na jozi nyingine, hivyo ukumbi mzima huwa makundi ya watu wanne. Muziki una mapigo 64, yaliyogawanywa katika sehemu nne za mapigo 16, na miendo mingi huchukua mapigo 8 au 16. Mapigo hayo yakiisha, kila jozi huwa imesogea na kukutana na jozi mpya, kisha dansi ileile huanza tena. Bendi ikipiga mapigo kama 115 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua muda unaozidi nusu dakika kidogo tu, na ndiyo maana mtu aliyepotea hana nafasi ya kusubiri maelezo yako.

Chukua mfano wa duara la kushoto la robo tatu, mwendo unaowasumbua wageni kuliko mingine. Watu wanne wameshikana mikono. Ukiwaambia tu "robo tatu", wengine watazunguka duara zima na wengine watakomea nusu. Badala yake, kabla hawajasogea, mwambie kila mmoja amtazame mtu aliye mkono wake wa kulia, kisha umweleze kwamba duara likisimama, yeye atakuwa amesimama pale aliposimama mtu huyo sasa. Waache wazunguke polepole, kisha uwaulize kama wamefika. Hesabu ya robo hapo haihitajiki tena, na wakipitiliza huona wenyewe kwamba wamepitiliza.

Swingi nayo inataka uangalifu wa namna hiyohiyo, tena zaidi. Wawili hushikana kama katika dansi ya ukumbini na kuzunguka kwa kasi, na wakati wa somo la wageni kabla ya dansi kuanza, waitaji wengi hutumia dakika nyingi kufundisha miguu. Mimi naona miguu inaweza kungoja, kwa sababu mtu anaweza kuzunguka kwa kutembea tu na dansi isiharibike. Kisichoweza kungoja ni namna ya kumaliza: jozi ifunguke ikitazama upande wa pili wa safu, Lark akiwa kushoto na Robin akiwa kulia. Majina hayo ya ndege ndiyo yanayotumika siku hizi katika kumbi nyingi badala ya mabwana na mabibi, na mtu yeyote huchagua nafasi aitakayo. Jozi ikifunguka kinyume, mwito unaofuata ukiwa wa mnyororo, yaani Robin wawili kuvuka kwenda upande wa pili, watavuka watu wasiohusika na kundi zima litakwama. Wafundishe pia kutazamana usoni wakati wa kuzunguka, maana anayetazama kuta hupata kizunguzungu upesi.

Dansi ikishaanza, kazi yako inakuwa ya muda. Mwito lazima uwe umekamilika kabla ya pigo la kwanza la mwendo wenyewe, kwa hiyo unausema ndani ya mapigo mawili hadi manne ya mwisho ya mwendo uliotangulia. Wachezaji wakiwa bado katika nyota ya kushoto (wanne wakizunguka, mikono ya kushoto ikikutana katikati), wewe unasema "jirani mpya, balansi na swingi", jirani akiwa mtu wa jozi nyingine na balansi ikiwa hatua fupi ya kusogeleana na kurudi, ukitanguliza mtu na kumalizia kwa kitendo, ili macho yao yamtafute jirani huyo kabla ya mikono. Ukichelewa hata kwa mapigo mawili, watakusikia vizuri, lakini watakuwa nyuma ya muziki, na swingi yao itafupishwa.

Kuhusu maelezo ya awali, mara mbili za kupitia dansi bila muziki zinatosha, na ukumbi wenye wazoefu wengi hutosheka na moja. Usianze kabla ya kuhakikisha kwamba makundi ya wanne yamehesabiwa kuanzia jukwaani, na uwaambie mapema wale watakaofika mwisho wa safu kwamba watasubiri mzunguko mmoja, wabadilishane nafasi, kisha waingie tena. Waliokulia kwenye rumba, kama ndugu zetu wengi wa Kongo waliohamia Maine, hawana shida na mapigo. Huwalemea zaidi nidhamu ya kuwahi mahali fulani kwa wakati fulani, na kwao maelezo ya mahali hufanya kazi kuliko maelezo ya hatua.

Baada ya mizunguko michache, anza kupunguza maneno. Toa kwanza yale ya miendo inayojieleza, bakiza yanayotaja watu, kisha nyamaza kabisa uwaachie fidla na piano. Waitaji wapya huogopa ukimya huo na kuendelea kusema hadi mwisho, jambo linalowanyima wachezaji nusu ya raha yao. Kunyamaza hakumaanishi kupumzika: tazama sakafu, na ukiona kundi linasitasita, rudisha mwito mmoja tu pale wanapokwama.

Kabla ya hayo yote, elewana na bendi. Wapiga fidla wengi huanza kwa mikwaruzo michache ya upinde wanayoiita viazi vinne (jina ambalo bado linanichekesha), nayo huwapa wachezaji kasi kabla wimbo haujaanza. Kubalianeni pia ishara ya kumaliza, mathalani vidole viwili kwa mizunguko miwili iliyobaki, na uitoe mwanzoni mwa mzunguko ili wanamuziki wapate muda wa kujiandaa. Mzunguko wa mwisho uuite tena kwa sauti, kwa kuwa waliozoea ukimya wako hawatajua kwamba dansi inaisha, kisha waachie nafasi ya kushukuriana na kutafuta mwenzi mwingine kabla ya kutaja dansi inayofuata.