Ree mbili mkononi, mwenzio kasukuma zote

SWALI: Walimu wa karata, salaam. Tunacheza poka ya Texas (karata mbili mkononi, tano mezani za wote) isiyo na kikomo cha dau, watu tisa, dau za lazima shilingi 50 na 100. Jumamosi nilipata ree mbili, ya shupaza na ya pau, nami ndiye wa mwisho kucheza. Nikapandisha hadi 400; akafuata mzee mmoja tu, aliyekuwa na dau la lazima kubwa. Sote wawili tulianza na 20,000. Zikafunuliwa 9 ya kopa, 8 ya kopa na 4 ya pau. Akapitisha, nikaweka 600, akafuata. Karata ya nne 2 ya uru: akapitisha, nikaweka 1,500, akafuata. Ya tano 8 ya shupaza: akapitisha, nikaweka 3,000, naye akasukuma zote alizonazo. Nikafuata. Akafunua 8 na 7: 8 tatu, zikazipiga ree zangu. Mzee huyu hana makeke. Tangu magharibi hakuwa amepandisha dau hata mara moja karata ya tano ikishatoka. Nilikosea au ni bahati mbaya tu?
Msomaji, Muyeye, Malindi

JIBU: Nane kutoka ni bahati yake. Zile 14,500 za mwisho ulizipeleka mwenyewe.

Anza na bei. Kabla ya dau lako la mwisho, poti, yaani pesa zote zilizokwisha kutiwa mezani, ilikuwa na 5,050. Ukatia 3,000, yeye akasukuma 17,500, jumla 25,550, na wewe ukadaiwa 14,500 zaidi. Ukizitia, poti inafika 40,050. Gawa 14,500 kwa 40,050 upate asilimia 36 na ushei. Kwa hiyo, katika kila mara 100 za namna hii, unahitaji kuwa mbele angalau mara 37. Wanaochezea komwe za bao badala ya pesa watumie hesabu hiyo hiyo.

Sasa hesabu mikono inayokupiga. Mezani kuna 8 mbili, kwa hiyo zimebaki mbili tu, na 9 zimebaki tatu. Mwenye 8 na 7 anaweza kuipata kwa njia 8, yaani 8 mbili mara 7 nne. 8 na 10, njia 8. 8 na ree, njia 4, kwa sababu ree mbili unazo wewe. Mwenye 9 na 8 ana njia 6, 9 mbili njia 3, 4 mbili njia 3, na 8 mbili njia 1. Jumla 33. Mkono wa chini ya ree zako ambao mzee angeusukumia zote akidhani umekushinda haupo. Mwenye 10 na 9 angefuata zile 3,000 na kuishia hapo.

Kwa hiyo unaweza kumshinda tu akiwa anazuga, ameshikilia garasa. Ili bei ikulipe, mbele ya ile mikono 33 lazima kuwe na mikono 19 hivi ya kuzuga. Je, garasa zipo? Zipo tele. Ghulamu na 10 ni njia 16, 7 na 6 ni njia 16, na hizo zote zilikuwa zikingoja mfululizo ambao haukutimia. Ongeza kopa mbili mbili zilizokosa kopa ya tano. Hapa ndipo wengi wanapotelezea: wanaona garasa ni nyingi, wanafuata. Swali ni ngapi kati yake angezithubutu kuzisukuma. Kijana anayepandisha kila dakika tano angesukuma nusu yake, na kwake ungefuata bila kusita. Mzee ambaye tangu magharibi hajapandisha hata mara moja huenda asisukume hata moja. Kwake, tupa.

Jambo moja lilikuwa upande wako, nalo ni dogo: ree zako hazikuwa za kopa. Ungekuwa na ree ya kopa, ungekuwa umeshika mwenyewe karata ya mtu anayengoja kopa, na garasa zake zingepungua.

Kosa la mapema zaidi ni lile dau la 3,000. Si baya kwa lenyewe, maana mwenye 9 angelipa. Lakini uliliweka bila kujua utafanya nini likipandishwa. Tungeweka 2,000, au tungepitisha tukaangalia karata, na akipandisha tungeziachia papo hapo. Tena tazama kina cha pesa: zilipofunuliwa karata tatu, poti ilikuwa 850 na kila mmoja wenu amebakiwa na 19,600, mara 23 ya poti. Kwa kina hicho jozi moja, hata ya ree, ni ya kuvunia poti ya kadiri. Mngekuwa mmeanza na 4,000 kila mmoja, mngebakiwa na kama mara nne tu, na hapo zote ziingie bila majuto. Aliyelelewa na mchezo wa karata wa wahedi wa sitini hulisahau hili upesi, maana kule ree ina pointi zake tangu kugawiwa.

SWALI: Wafalme wawili niwatupe lini kabla karata za mezani hazijafunuliwa?
Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Karibu kamwe. Meza ikiwa na watu tisa na wewe una wafalme wawili, uwezekano wa mwingine kuwa na ree mbili ni asilimia 4 hivi. Ukiwa na pesa mara 100 ya dau la lazima kubwa, tia zote. Zikiwa zaidi ya mara 300, na mtu mkavu asiyependa vita amepandisha mara ya pili juu yako, hapo fikiria.

SWALI: Nina kopa nne, karata moja imebaki. Nimeshatia 5,000, nitaziachaje?
Msomaji, Watamu

JIBU: Zikishaingia kwenye poti si zako tena. Zinahesabika kama pesa za mezani, si kama deni unalojidai. Karata usizoziona ni 46, kopa 9: asilimia 19 na nusu. Poti ikiwa 10,000 na mwenzio ameweka 1,500, unalipa 1,500 kwenye 13,000, asilimia 11 na nusu: fuata. Akiweka 10,000, bei ni theluthi: tupa, hata kama uliyotia ni 5,000 au 50,000. Na mezani kukiwa na jozi, zile 9 usizihesabu zote kuwa zako, maana mwenye karata tatu za aina moja na jozi juu yake atakungoja na kopa zako.